Kete ya Mwisho Mfukoni

Jumapili hiyo Glenda Ormerod alishuka ngazi za nyumbani kwake kwa makalio, kidato baada ya kidato, huku ameshikilia nguzo. Nyonga ya kushoto ilikuwa imemsumbua tangu kiangazi. Daktari alishasema dawa yake ni kisu tu, lakini foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu, na Glenda hakuwa mtu wa kulialia mbele ya watu. Duniani kote aliyejua habari hiyo ni mumewe Clive, na huyo naye alikuwa ameapishwa asifungue mdomo. Jikoni shuleni, alikofanya kazi, Glenda alisingizia baridi. Kwenye chama cha wavuvi hakusema kitu.

Chama kilikuwa na utaratibu wake kwa wagonjwa. Vituo vya kuvulia namba moja na mbili, pale ubavuni mwa maegesho ya magari, waliwekewa wale wasioweza kutembea. Ulimwambia katibu, katibu akatangaza mbele ya wote, basi, unakaa. Ila waliokaa pale walishapewa jina, waliitwa wasubiri jeneza. Mzee Wilf, ambaye zamani ukitaka kushinda ilibidi kwanza umshinde yeye, tangu ahamie kituo namba moja hakuna aliyemuuliza tena anatumia chambo gani. Walimuuliza anaendeleaje. Glenda aliona heri atambae kuliko kuulizwa anaendeleaje.

Clive alikuwa jikoni akipanga mambo: chupa ya chai, mikate ya nyama, kopo la funza wa chambo lililolala kwenye friji jirani na siagi. Alikuwa mtu mkubwa wa mabega, mwenye vidole vinene vya kiwandani, lakini kiwanda cha chuma kilishafungwa na geti lake kufanywa ukuta. Kilichobaki ni chama. Clive ndiye katibu, ndiye mshika mizani, ndiye mshika mfuko wa kete za namba, ambazo asubuhi ya mashindano kila mvuvi huchota moja kujua kituo chake. Ukimwondolea hayo unabaki na mwanamume anayekaa kwenye kochi na kutazama mvua.

Na leo walitaka kumwondolea. Neville Stubbs, mdomo mkubwa kuliko wote chamani, alikuwa ametoa hoja: kura za vituo zinachezewa, katibu ang'oke, avuliwe uanachama pia. Ukifukuzwa kwa wizi wa kura, habari inafika kila bwawa la wilaya nzima kabla hujafika kwako. Hakuna chama kitakachokupokea. Hoja ingepigiwa kura baada ya kupima samaki.

Kilichomuumiza Glenda si Neville. Ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa anaanza kuamini. Alhamisi alimpelekea Clive chai kwenye banda la nyuma, akamkuta amekaa mbele ya kioo chake cha kunyolea, kete za namba zimetapakaa mezani. Alikuwa anachukua kete moja, anaibana kwenye kiganja, anafungua vidole, na kete haionekani. Anarudia tena. Glenda aliposukuma mlango, Clive alisema anazisafisha. Kuzisafisha mbele ya kioo! Na wakati huohuo kulikuwa na Gareth Lumb, mwezeka mapaa, kijana aliyeshinda mashindano mengi ya msimu huu mpaka watu wakachoka kumpigia makofi. Gareth huyohuyo ndiye aliyempa Clive vibarua vya kusafisha mifereji ya paa, malipo mkononi. Mtu hahitaji shule kubwa kujumlisha mambo hayo.

"Leo Neville akitaka kushika mfuko, utampa?" Glenda aliuliza.

"Akitaka ashike."

"Na wewe huna wasiwasi?"

"Wasiwasi wa nini, Glenda?" Clive alisema, huku akifunga kopo la funza ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Glenda hakuuliza zaidi. Aliogopa jibu. Miaka yote ya ndoa walikuwa wamepungukiwa na mengi, lakini hakuwahi kulala na mwizi, na hakujua mke wa mwizi anatakiwa aanze vipi asubuhi yake.

*

Bwawa la Hollin lilikuwa limeganda ukingoni. Mwenye bwawa alikuwa anarusha ndoo iliyofungwa kamba, anavunja barafu kituo kwa kituo, na mlio wa barafu ulifika mpaka barabarani. Wanachama walisimama mbele ya mgahawa na vikombe vyao, wakilaani hali ya hewa. Siku kama hiyo samaki wanalala chini na hawataki kusumbuliwa. Kuna watakaorudi nyumbani na nyavu kavu, na kila mmoja alikuwa anaomba asiwe yeye.

Clive alipotoa mfuko, Neville alinyoosha mkono. Alisema kwa heshima ya kuchomachoma kwamba leo, kwa faida ya katibu mwenyewe, mfuko ushikwe na mtu mwingine. Clive alimpa. Neville akautikisa, akaupandisha mpaka usawa wa kifua na kuwaita mmoja mmoja, macho yake kwenye mikono ya watu kama askari wa forodha. Alikagua mikono yote. Kuhesabu kete kabla ya kuanza hakukumbuka, maana siku zote kuhesabu ni kazi ya katibu.

Gareth alipata kumi na tano, upande wa mbali unaopigwa na upepo. Kukapita mnong'ono wa kuridhika. Neville akatabasamu kana kwamba yeye ndiye aliyeupuliza huo upepo.

Kwa desturi ya chama, nyumba ya katibu huchota mwisho, wakishamaliza wote. Desturi hiyo iliwekwa zamani ili watu wasiseme katibu anajipendelea. Anachukua makombo, mke kwanza, kisha yeye. Hivyo zilitakiwa kuwa zimebaki kete mbili.

Glenda alitia mkono mfukoni. Akapapasa. Alishika kete moja, akaiacha, akatafuta ya pili kwenye pembe za mfuko, kwenye mshono. Hakuna. Alimtazama Neville, na Neville alikuwa anamtazama Clive.

Ilitosha aseme neno moja tu pale. Akatoa kete. Kumi na sita, mwisho wa dunia, mpaka uzunguke bwawa zima. Clive naye akaingiza mkono wake mkubwa, umefumbwa, akautoa umefumbwa, akafungua: tatu. Kituo kinachofuata baada ya wasubiri jeneza.

Mwizi, Glenda aliwaza. Ni kweli, basi.

"Glenda, shika hii," Clive alisema haraka, akimnyooshea kete yake. "Mimi nitakwenda huko."

"Haiwezekani, bwana," Neville alisema. "Ulichochota ndicho chako. Sheria umeiandika wewe mwenyewe."

Clive alibaki amenyoosha mkono. Uso wake ulikuwa umepauka, na Glenda akauona huo upole wote kuwa ni maigizo. Alimwambia aache upuuzi, akashika toroli lake na kuondoka.

Njia ile ilikuwa na matope yaliyoganda, na kila gurudumu la toroli lilipojikwaa, nyonga ilijibu. Alisimama mara kwa mara akijifanya anatazama maji. Gareth alimpita, akampunguzia mwendo, akauliza kama amsaidie kusukuma. Glenda alimjibu kwamba alikuwa anasukuma matoroli kabla Gareth hajazaliwa. Kijana akacheka na kwenda zake. Alikuwa na adabu, huyo kijana, na hilo nalo Glenda alilitilia shaka.

*

Filimbi ya kuanza ilipolia, alikuwa bado anahema. Alitumbukiza nyavu zake mbili za kuwekea samaki, mmoja wa karpi, wale wakubwa wazito, na mmoja wa samaki weupe wadogo, kwa sababu pale ukichanganya tu umefutwa mashindanoni. Akaunganisha ufito wake mrefu wa kuvulia, akatupa funza watatu, hata wanne aliona ni karamu kwa siku ile, na kukitazama kiboya.

Kiboya hakikutikisika. Upepo ulimkata masikio. Alisogeza ndoano kidogo kidogo, akabadili kina, akabadili funza mwekundu kwa mweupe, akarudi kwa mwekundu. Baada ya muda mrefu alipata kisamaki cheupe chembamba, kisha kingine, kisha hakuna kitu. Kushoto kwake Gareth alikuwa kimya, ameinama, anatupa funza mmojammoja kama anayelisha kifaranga mgonjwa. Akapata karpi. Baadaye akapata mwingine. Hakuna aliyempa kituo kile isipokuwa Neville, na bado alikuwa anapata. Glenda alilitazama hilo bila kulipenda, kwa sababu kama kijana alikuwa anashinda kwa ufundi wake tu, basi zile kete za Alhamisi zilikuwa za nani?

Akatazama ng'ambo, kituo namba tatu. Clive alikuwa amesimama. Hakuwa ameunganisha ufito. Amesimama tu, mikono mfukoni, uso umeelekea huku.

Glenda akaanza kufikiri upya, na mawazo yakaenda pasipotakiwa. Nani atakayeiba kituo namba tatu? Kiko karibu na mapipa ya taka, milango ya magari inabamizwa usiku na mchana, karpi hawakanyagi pale. Labda weupe wadogo chini ya kidaraja, hao ndio wapo. Aliwajua vizuri, kwa kuwa msimu huu wote yeye ndiye aliyekuwa anachota vituo vya upande ule: tatu, nne, tatu tena. Mara mbili alishinda kitita kidogo cha pesa cha mshindi wa weupe, akanunulia pazia la sebuleni na kujisifu jikoni shuleni kwamba bado mkono wake haujazeeka. Na Clive, kila mara Clive alipata huko mbali, akarudi na matope magotini, akisema ndiyo bahati yake.

Hapo ndipo kiboya kilipozama.

Alivuta. Uzito ulikuwa wa karpi, tena si mdogo. Mshipi ulilia, ufito ukapinda mpaka majini. Glenda alimchezesha vizuri, alimwacha akimbie, akamrudisha, akamwacha tena. Mara samaki akajitokeza juu ya maji, mnene, rangi ya shaba, samaki wa kuigeuza siku nzima. Kilichobaki ni kusimama na kumpakua kwa wavu wa mkono. Na kwa sheria, samaki wako hapakuliwi na mtu mwingine.

Akasimama. Yaani alijaribu. Nyonga ilikataa, mguu ukamwacha, akaanguka ubavu kwenye tope lililoganda, ufito ukamponyoka na mshipi ukakatika. Maji yalitikisika mara moja, yakatulia.

Gareth alikuwa ameshasimama akimwita shemeji, akiuliza kama ameumia. Glenda alisema mguu umekufa ganzi tu kwa kukaa. Lakini alisikia kelele ng'ambo, na alipoinua macho alimwona Clive anakimbia. Mzee mzima, na viatu vyake vya mpira, anakimbia ukingoni mwa bwawa, anapita vituo vya watu, anakanyaga vyano vya chambo vya watu, Neville anampigia kelele kwamba kuacha kituo ni kujifuta. Alikuwa ameanza kukimbia kabla hajaitwa na mtu. Alikuwa anaangalia huku tangu asubuhi.

Glenda alijiinua kwa mikono, akarudi kwenye kiti chake, akampungia arudi. Clive akasimama katikati ya njia, anahema, hajui aende wapi. Ndipo mkewe alipoelewa yote: kete za karibu Clive alikuwa anazificha kwa ajili yake, ili asitembee mbali. Alimpenda na alitaka kumzaba kibao, yote kwa pamoja. Alikuwa ameibiwa fahari yake na mumewe mwenyewe, kwa wema, kwa siri, mbele ya kioo cha kunyolea.

*

Mizani ilizunguka, na aliyeibeba alikuwa Neville. Wengi walikuwa na nyavu kavu. Glenda alikuwa na weupe wake wachache, hata ratili moja hawakufika. Gareth alishinda kwa mbali, kutoka kituo kibaya, kwa kete iliyotoka kwenye mfuko alioushika adui wa katibu, na hilo kila mtu aliliona.

Ndani ya mgahawa kulikuwa na joto la chai na nguo mbichi. Walikaa meza ndefu, Clive mwishoni kabisa, kofia mapajani. Neville alisimama. Apewe haki yake: mdomo wake ulikuwa mkubwa kwa kulaumu na kwa kukiri kosa pia. Alisema amekosea. Alisema mfuko ameushika mwenyewe, ameona, na kijana ameshinda kihalali, kwa hiyo anaondoa hoja yake na anamwomba katibu msamaha. Watu wakagonga meza kwa vikombe. Mzee Wilf alisema kwamba sasa wanaweza kula kwa amani.

Clive hakuinua kichwa. Glenda alimtazama, akaiona njia yote iliyo mbele: Jumapili ijayo mfuko utarudi mikononi mwake, kete itarudi kiganjani, na yeye Glenda atakaa tena kwenye kituo namba tatu, sasa akijua. Akamtazama Mzee Wilf. Mara zote mbili alizochukua yeye kitita cha weupe, wa pili alikuwa Wilf.

"Mfukoni ilikuwemo kete moja," Glenda alisema.

Neville alimwambia hakumwelewa.

"Nilipotia mkono zilitakiwa ziwe mbili. Ilikuwemo moja. Nyingine alikuwa nayo Clive mkononi."

Wote wakamgeukia katibu. Ilikuwa rahisi kukana, kete hazina alama za vidole. Clive alizungusha kofia yake.

"Ni kweli," alisema.

"Kwa ajili ya nani?" Neville aliuliza, na safari hii sauti yake haikuwa na raha ndani yake.

"Kwa ajili yangu. Nilitaka kituo cha karibu."

Alikuwa tayari kuitwa mwizi mbele ya watu wote aliowafahamu, kuliko kuvunja kiapo alichoapishwa jikoni kwake. Glenda alimtazama mumewe, akasikia uchungu kuliko ule wa nyonga.

Akasema yeye. Aliwaambia habari ya nyonga, ya ngazi za nyumbani, ya foleni ya upasuaji. Aliwaambia kwamba alimkataza Clive asiseme, na Clive hakusema, akaona bora aibe. Aliwaambia hakujua mpaka leo, lakini vile vitita viwili vya weupe ni vya Wilf, naye angevirudisha. Hakulia. Alisema yote akiwa amekazia macho chupa ya siki iliyokuwa mbele yake.

Ingekuwa chama cha watu wabaya ingekuwa rahisi. Walikuwa watu wema, na walimhurumia, na sheria ilikuwa sheria. Mwenyekiti wa chama hakuwa na la kufanya ila kuuliza nani anakubali katibu afukuzwe. Mikono ilipanda polepole, mmoja baada ya mwingine, wa Gareth ukiwa umeshika paji la uso kwanza, wa Wilf mwisho. Mkono wa Glenda ulibaki mezani. Clive alisimama, akatoa funguo za sanduku la mizani mfukoni, akaziweka karibu na sahani ya Neville, akasema anakwenda kupasha gari joto. Mlango ulifunguka, baridi ikaingia, mlango ukafungwa.

Watu walikunywa chai isiyo na ladha. Ndipo likaja swali ambalo halikuwa na mwenyewe: mfuko sasa ashike nani? Neville alisema yeye hastahili, ameshika mara moja na hakuhesabu. Akaupitisha mfuko mezani, ukapita mkono kwa mkono, hakuna aliyetaka kubaki nao.

"Ashike Glenda," Mzee Wilf alisema. "Kama amemtaja mumewe, atamficha nani?"

Wakakubali wote, kwa sauti za upole, sauti zilezile walizomtumia Wilf siku hizi. Neville alikuja na mfuko, akauweka mbele yake kwa mikono miwili. Alisema na kituo namba mbili ni chake kuanzia Jumapili ijayo, asiwe na wasiwasi, shemeji, wala asione haya.

Dirishani, kupitia ukungu wa kioo, Glenda alimwona Clive akikwangua barafu kwenye kioo cha gari. Alikuwa ameshamaliza upande wa abiria, na bado anaukwangua uleule. Glenda aliusukuma mfuko kando. Alishika ukingo wa meza ili ainuke aende zake kwa kiburi chake, kama alivyozoea, na mguu ukakataa. Gareth alikuwa karibu, akanyoosha mkono. Neville naye akanyoosha.

"Ninyi kaeni," Glenda alisema. "Niitieni mume wangu. Mwambieni siwezi kutembea peke yangu."